Sentimita Themanini

Jumatatu, 3 Machi

Leo Kipimo ameingia dukani. Daftari hili nimelinunua wakati wa kufunga, kwa sababu kuna mambo nikiyaacha kifuani yataniunguza.

Aliingia saa nne, kofia mkononi, viatu vinang'aa. Bosi mwenyewe alitoka ofisini kumpokea. Huyu mzee ameezeka nusu ya nyumba za mji huu, na kila fundi anayesimama kwenye kaunta yetu ama alifundishwa naye ama alifukuzwa naye. Akatembeza macho kwenye rafu za misumari, kwenye makopo ya rangi, kwenye mabomba, mpaka yakanifikia mimi kwenye meza yangu ya makadirio.

"Aa, Pungufu! Bado upo?"

Mafundi wawili wakacheka. Mmoja wao hata hajui anachekea nini. Jina hilo alilikuta.

"Nipo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Safari hii nimekuja kwa ajili yangu. Najenga." Akapandisha sauti ili duka zima lisikie. "Miaka arobaini nawafunika wengine. Sasa najifunika mwenyewe."

Watu wakampongeza, na mimi nikampongeza. Kisha nikaenda uani, nikahesabu mirundo ya mbao ambayo hakuna aliyeniambia niihesabu.

4 Machi

Joto. Makadirio saba, matano ya mabanda ya kuku.

6 Machi

Niandike mara moja nimalize.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa karani wa vipimo kwenye kikosi cha Kipimo. Baba ndiye aliyeniombea nafasi. Alikuwa fundi viatu, na mwaka mzima alimshonea Kipimo viatu vya kazini bila kupokea kitu, kumshukuru kwa kumchukua binti yake. Tukapata kazi ya kuezeka wodi ya akina mama kwenye zahanati. Nilipima, nikahesabu urefu wa bati, nikampelekea karatasi. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Unatupa bati, binti. Jengo lenyewe halina upana huo." Akazikata namba zangu kwa kalamu nyekundu, akaandika zake, akapeleka oda.

Bati zilipopandishwa hazikufika juu. Palikuwa na kamati ya zahanati, daktari, wauguzi, mafundi wote, na baba yangu aliyekuja kuona kazi ya mwanawe. Kipimo alisimama mbele yao akaninyooshea kidole. "Hesabu ni za huyu. Nilimwamini. Kumbe ni pungufu tupu."

Karatasi yenye wino mwekundu alikuwa nayo yeye. Sikuiona tena.

Kazi yangu iliisha siku ileile. Jina likabaki. Lilinitangulia kila nilikoomba kazi, lilinisubiri sokoni, lilikaa kwenye kibanda cha baba. Watu wakimletea viatu walimuuliza, "Fundi, soli hii haitapungua?" wakacheka, naye akacheka nao maana ni wateja. Mara moja tu aliniuliza, ameinamia sindano yake: "Mwanangu, hivi kweli ulikosea?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya." Na nilivyomwona akivuta uzi, nilijua hakuniamini.

Alikufa miaka miwili baadaye. Kipimo hakuja msibani. Mke wake alikuja. Alikaa nami siku tatu, akiosha masufuria ya watu asiowajua. Hilo nalo niliandike, nisije kusema sikuliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Kama ningekuwa mtu wa kupiga vigelegele, leo ningepiga.

Kipimo amerudi na daftari lake la makadirio. Anataka bati ndefu za rangi, zile zinazokatwa kiwandani kwa urefu unaoutaka, ili zitoke upenuni mpaka juu bila kiungo hata kimoja. Ni bati za watu wenye uhakika, maana zikishakatwa hazirudishwi. Bosi akaniletea ramani ya nyumba na orodha. "Pitia haraka, mzee anasubiri chai."

Nikapitia. Nyumba ina upana wa mita tisa. Nusu yake ni nne na nusu. Akaongeza sentimita sitini za upenu unaotoka nje ya ukuta, akapata mita tano na kumi. Na hapo, chini ya mita tano na kumi, akapiga mstari. Bati thelathini na sita, urefu mita tano na sentimita kumi.

Nilisoma mara tatu. Hakuhesabu mwinamo.

Paa la pande mbili ni kama daftari lililofunguliwa katikati na kulazwa kifudifudi mezani. Ukipima kivuli chake mezani utapata kipimo kifupi kuliko jalada lenyewe. Na bati halilali kwenye kivuli, linalala kwenye mteremko. Kwa mteremko alioandika kwenye ramani yake mwenyewe, anahitaji mita tano na tisini. Zitapungua sentimita themanini kila upande.

Mwanzoni nilidhani amepitiwa. Halafu nikakumbuka wodi, nikachukua karatasi nikahesabu upya kwa namna yake ya leo, na nikapata zilezile namba alizoziandika miaka kumi na miwili iliyopita kwa kalamu nyekundu. Nikabaki nimeshika kalamu kama mtu aliyepigwa kofi.

Hajui. Hajawahi kujua. Zamani alikuwa na mwenzake, marehemu sasa, aliyekuwa akimhesabia. Kisha makarani. Baada ya kunifukuza alirudi kwenye bati fupi za kuunganisha, zile unaagiza nyingi, unapiga, unakata zinazozidi, na hakuna anayeuliza. Miaka yote hiyo watu wanamwita Kipimo!

Sasa, duka letu lina utaratibu. Oda ya bati za kukatwa lazima iwe na fomu yenye sahihi ya aliyekagua, na anayekagua ni mimi. Nikisaini na bati zikapungua, kidole kitanirudia mimi, kilekile. Nikisema ukweli, anarekebisha, ananishukuru kwa nusu mdomo, na anakufa akiitwa Kipimo.

Nikainuka. Duka lilikuwa limejaa. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Mzee, hesabu zako lazima nizikague mimi kwanza. Ni utaratibu."

Kicheko. "Pungufu amkague Kipimo!" mtu akapayuka. "Dunia imekwisha!"

Kipimo hakucheka. Shingo ilimvimba. "Lete hiyo fomu."

"Mzee, ni kwa faida yako..."

"Lete fomu, nimesema!"

Nikampa na kalamu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Mwenye nyumba amejikagulia mwenyewe.* Akasaini, akaweka tarehe. Nikaitia kwenye faili taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

9 Machi

Nimehesabu tena nyumbani, mara nne. Themanini. Kila mara themanini.

12 Machi

Mke wake amekuja peke yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, akasubiri nimalize na watu. Kisha akainama kwenye meza yangu.

"Mwanangu, yule mtu wangu hataki kuulizwa. Mimi nakuuliza wewe. Mambo ya bati yako sawa?"

Ana macho ya mtu aliyekaa vyumba vya kupanga maisha yake yote. Aliniambia wameshamwambia mwenye nyumba wanatoka mwisho wa mwezi, na chumba kimeshapata mpangaji mwingine. Aliniambia jikoni kutakuwa na dirisha linalotazama barabarani. Alisema "dirisha langu".

"Aliyepima ni yeye, mama," nikamjibu. "Nani wa kumsahihisha?"

Akacheka, akanishika mkono. "Kweli. Basi roho imetulia."

Mkono ule nimeunawa mara mbili, sijui kwa nini.

15 Machi

Nimekwenda kwenye kiwanja chake, nikijidai naangalia kama lori litapita. Kenchi zote zimesimama: mbao za paa, pembe kwa pembe, nzuri ajabu. Yaani mzee anajua kusimamisha mbao, hilo simnyimi. Mteremko ni uleule wa kwenye ramani.

Msimamizi wa mafundi ni Kimya. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda juu siku ile ya wodi. Jina lake lilimpata kwa haki: unaweza kufanya naye kazi wiki nzima ukaondoka na maneno kumi. Siku zote nimemwona ni mtu mwema, maana ni yeye peke yake asiyeniita Pungufu. Ananiita dada.

"Bati lini?" akaniuliza.

"Wiki mbili."

Akatazama juu. Hakuna wingu. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake.

18 Machi

Leo jioni oda zote zinakwenda kiwandani. Bosi akasimama mlangoni.

"Ya Kipimo umeiangalia?"

"Kajikagulia mwenyewe. Kasaini."

"Najua kasaini. Wewe umeiangalia?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Nilihitaji kusema neno moja tu.

"Mimi ni nani, bosi, nimwangalie Kipimo?"

Akacheka, akachukua faili, akaenda.

20 Machi

Upepo. Vumbi mpaka kwenye droo za misumari.

24 Machi

Mawingu mchana, yakaondoka. Kila anayeingia dukani anaongea habari za mvua. Mimi nahesabu siku kimoyomoyo, kama mwari anayengoja kutolewa ndani.

27 Machi

Bati zimefika. Kijani kibichi, nzuri, zinateleza kama samaki. Nimepima moja mwenyewe uani. Tano na kumi, haikuzidi wala kupungua. Kiwanda kina adabu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimesubiri miaka kumi na miwili, nitaiandika yote.

Nilijipeleka mwenyewe na pikapu ya duka, nikiwa nimebeba kofia za paa, zile bati zilizokunjwa za kufunika mgongo kule juu. Ningeweza kumtuma dereva peke yake. Nilivaa gauni la bluu.

Palikuwa na watu wengi. Kipimo aliwaita mafundi wake wa zamani waje kuona. Amewakalisha kwenye viti vya kuazima, kama harusini. Mke wake alikuwa akigawa maji. Mawingu yalishajaa upande wa milimani, meusi.

Kimya na mwenzake walipandisha bati la kwanza. Wakalilinganisha na uzi uliofungwa chini, kwenye upenu. Kimya akapanda mpaka juu.

"Mzee," akasema, "halijafika."

"Lisukume."

"Nikilisukuma upenu utabaki wazi."

"Basi hilo ni bovu. Lete jingine."

Wakaleta jingine. Wakaleta la tatu. La nne Kipimo alilichagua mwenyewe kwenye rundo, akalisindikiza kwa macho mpaka juu. Yote yaliishia palepale, na juu yake mbao zilikaa uchi, na juu ya mbao ni mbingu.

Kipimo akanigeukia. Nilikuwa nakisubiri kile kidole na kilikuja. "Duka lenu! Mmenikatia fupi!"

Nilichukua tepu kwenye pikapu nikampa fundi mmoja wa wale wazee waliokaa vitini. Akapima mbele ya watu. "Tano na kumi," akasema. Nikatoa fomu, nikampa huyohuyo aisome kwa sauti. Akaisoma: bati thelathini na sita, mita tano na sentimita kumi, mwenye nyumba amejikagulia mwenyewe. Sahihi. Tarehe.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko.

Na hapo Kimya, kutoka juu, amekaa kwenye mbao kama ndege, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, hii ni wodi."

Wale wazee wakatazamana. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi. Yule aliyeshika tepu aliirudisha kwenye mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Kipimo alikaa juu ya rundo la mbao. Alikuwa anaitazama fomu kama imeandikwa lugha ya wenzetu. Midomo ilikuwa inacheza, alikuwa anajumlisha. Nne na nusu, na sitini. Nne na nusu, na sitini. Na kila mara, nina hakika, alipata tano na kumi.

Ni mke wake aliyeweka ndoo chini. "Wanangu, mvua inakuja. Pigilieni hizo zilizopo."

Wakazipigilia. Nilipoondoka paa lilikuwa na njia katikati, toka mwanzo mpaka mwisho, kama kichwa kilichochanwa kikagawanywa.

Nilirudi kwa miguu. Pikapu nilimwachia dereva.

30 Machi

Nimekaa kibarazani nimecheka peke yangu mpaka jirani kaniuliza nina nini.

Jioni furaha imepungua. Hakusema. Kimya ndiye aliyesema, na maneno manne tu. Kidole kilinyooshewa mimi mbele ya watu, na mwenye kidole hajakirudisha.

31 Machi

Kimya amekuja dukani na kikaratasi. Amepima lile pengo. Vipande thelathini na sita, mita moja moja, rangi ileile, vipigiliwe juu kwa kulalia zile ndefu. Kutakuwa na kiungo kinachoonekana kutoka barabarani, lakini maji hayatapita.

Nikamuuliza, "Ya wodi ulijua lini?"

Akakuna kidevu. "Siku ileile. Nilimwona akikata namba zako."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa na watoto watatu, dada."

Miaka kumi na miwili ananiita dada. Nilidhani ni heshima, kumbe ni deni.

Nikachukua kikaratasi chake, nikafungua droo, nikakitia chini ya mashine ya kutobolea karatasi, nikafunga.

"Mwambie rangi imekwisha kiwandani."

"Imekwisha?"

"Mwambie hivyo. Na mwambie akitaka nimtafutie, aje yeye. Aje Jumamosi saa nne, duka likiwa limejaa, aseme ya wodi. Atajua."

Akaitazama droo, kisha akanitazama mimi.

"Umezoea kunyamaza," nikamwambia. "Nyamaza tena."

Akavaa kofia, akatoka.

1 Aprili

Mvua.

2 Aprili

Mvua mchana kutwa. Tumeuza turubai zote.

3 Aprili

Mvua. Wamehama tangu Jumatatu, nimesikia. Chumba chao kimeshaingia mtu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilivaa gauni la bluu. Hajaja.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekuja mama, mke wa Kipimo. Mtandio umelowa, viatu amevishika mkononi. Wanaishi kwenye chumba kimoja cha upande wa mbele, wamefunga turubai kutoka ukuta hadi ukuta. Godoro wameliweka juu ya matofali. Plasta mpya ya ukuta wa kati imeanza kudondoka, na mzee anakohoa.

"Kimya anasema rangi hakuna."

"Hakuna, mama."

"Basi nipe rangi nyingine, mwanangu. Nyekundu, bluu, yoyote. Watu watacheka? Wacheke. Mimi sioni haya, nataka kukauka tu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Rangi nyingine zipo, zimejaa. Mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye droo, nikaugusa mpini wake.

"Nyingine haziingiliani na zile mlizopiga," nikasema. "Mikunjo yake ni tofauti."

Uongo wa pili ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza. Mikunjo ni ileile, mashine ni ileile.

"Aje mzee mwenyewe," nikaongeza. "Akija yeye pengine nitapata njia."

Alinitazama kidogo. "Amesema hawezi kuja hapa. Nimemuuliza kwa nini, hasemi. Analala anatazama juu, anahesabu kwa vidole."

Nilimpa mwavuli wangu. Akaukubali, akaniombea kwa Mungu anizidishie.

9 Aprili

Mvua. Nimeumwa na kichwa. Sikufungua droo.

10 Aprili

Nilijaribu kukumbuka uso wa baba nikaupata, lakini ulikuwa umeinama kwenye kiatu.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja.

Duka lilikuwa pomoni. Mvua hizi kila mtu ana mahali panapovuja. Alisimama kwenye foleni kama wengine. Bosi alimwona kupitia kioo na hakutoka ofisini. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka juu. Zamu yake ilipofika alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuulizia ile rangi."

"Inategemea, mzee."

"Inategemea nini?"

"Unajua."

Akasema chini chini, "Zilikuwa sahihi hesabu zako."

"Sisikii. Mvua inapiga bati."

Nikaona taya lake likicheza. Nilidhani ataondoka, na sehemu yangu moja ilitaka aondoke, ili nimchukie vizuri zaidi. Lakini aligeuka akawatazama watu wote, mgongo ameuegemeza kwenye kaunta.

"Ile wodi ya zahanati," akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuita mtu aliye juu ya paa. "Hesabu zilikuwa sahihi. Niliyezikata ni mimi. Huyu hakukosea. Nilimsingizia."



Kisha kijana mmoja mwenye ndoo ya rangi akauliza, "Wodi gani, mzee?"

"Ya wapi?" akauliza mwingine.

Na mama mmoja wa nyuma akanyoosha shingo: "Bi Pungufu, samahani, nina gari linasubiri, hebu nipe misumari yangu."

Hawakujua. Hakuna hata mmoja aliyejua. Kamati ya zahanati imetawanyika, daktari alihama, wale wazee wa vitini hawakuwepo, na fundi viatu yuko chini ya ardhi. Nilikuwa nimemwita mzee aje kuvuliwa nguo mbele ya watu ambao hawakuwahi kumwona amevaa. Nilimpa yule mama misumari yake. Ndiyo, nilimhudumia, nikahesabu na chenji.

Kipimo hakuwa ameondoka. Aliinama karibu, na safari hii hakukuwa na jeuri usoni, wala haya. Kulikuwa na swali tu.

"Niambie kitu. Kwa chini ni tano na kumi. Kwa nini juu haiwi tano na kumi?"

Ningeweza kumwonyesha kwa dakika moja, kwa kukunja karatasi. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

"Nenda nyumbani, mzee," nikamwambia. "Oda inatoka leo."

Akaondoka. Nikafungua droo, nikakitoa kikaratasi cha Kimya, nikaandika oda kwa mkono wangu, na pale palipoandikwa *Aliyekagua* nikaweka sahihi yangu, kubwa. Kisha nikakaa nikitazama ile karatasi niliyoikunja bila kujua nimeikunja.

14 Aprili

Mvua imepumzika. Bosi ameniuliza kuna nini kati yangu na Kipimo. Nimemwambia hakuna tena.

Jumatano, 16 Aprili

Vipande vimefika asubuhi, na mama akaja kuvipokea, amepanda mbele na dereva wa kiwanda aliyemkuta njiani. Yule dereva ana mdomo usiotulia. Alikuwa anashusha huku anaongea.

"Kijani hiki bwana, kila mtu anakitaka. Hakijawahi kuisha hata siku moja mwaka huu."

Mama alikuwa anahesabu vipande. Akaacha kuhesabu.

"Hata wiki mbili zilizopita?"

"Hata! Wiki mbili zilizopita tulikikata mpaka tukachoka."

Alimwacha dereva akaja kwenye meza yangu. Aliuweka mwavuli wangu juu yake, umekunjwa vizuri, umefungwa kamba.

"Rangi ilikuwepo."

"Ilikuwepo, mama."

"Na nilipokuja kukuuliza, kabla hazijaagizwa? Siku ile nilikushika mkono."

Ningeweza kudanganya mara ya tatu. Nilichoka.

"Nilijua. Nilijua tangu nilipoona orodha yake."

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti cha wateja, pale pale alipokaa siku ile, na mkoba magotini.

"Ameniambia ya wodi," akasema. "Jumamosi, baada ya kutoka hapa. Alilia. Alichokufanyia ni kibaya, na baba yako alikuwa mtu mzuri. Ungeniambia ningekuja naye hapa nimemshika sikio."

"Mama..."

"Ngoja. Yule mtu wangu amenikosea mambo mengi, nimemsamehe kwa sababu mengi hakuyajua. Kichwa chake ni kigumu na kuna vitu havijui, basi. Lakini wewe ulijua, mwanangu. Ulijua mimi nalala wapi. Ulikuwa unajua kila siku ya mvua."

Nilikuwa na neno la kila mtu, miaka yote nimeliandaa, la Kipimo, la Kimya, la wale waliocheka. La kwake sikuwa nalo.

Akasimama, akaangalia kama mkoba umefungwa, akaenda kupanda kwenye lori.

18 Aprili

Kimya na wenzake wameshamaliza kupiga vipande. Amekuja kuniambia, halafu akabaki amesimama. Nikamwambia kama ana la kusema aseme. Akaokota msumari uliodondoka, akauweka kwenye kaunta, akaenda.

19 Aprili

Simenti imeingia. Makadirio manne.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua tangu alfajiri, kubwa kuliko zote za mwaka huu. Nimepita njia ya juu makusudi, ingawa ni ya kuzunguka, nilione paa.

Kiungo kinaonekana kutoka mbali, mstari mrefu chini ya mgongo wa nyumba, pande zote mbili. Ndivyo kitakavyokaa miaka yote, na kila fundi atakayepita ataujua. Nilidhani nikiuona moyo wangu utakaa sawa. Nilisimama nikautazama, mvua inanipiga, kwa sababu mwavuli nimeshindwa kuutumia tangu uliporudi.

Halivuji. Maji yanateremka vizuri mpaka upenuni, yanadondoka nje, mbali na ukuta. Niliteremka mpaka mbele ya nyumba yao, na dirishani nilimwona Kipimo, ameweka daftari kifudifudi mezani na anapitisha rula juu yake, taratibu, jalada hili, kisha jalada lile.

Mama alikuwa mlangoni na ufagio, anasukuma maji yaliyoingia kibarazani. Tulikuwa hatua tano kutoka mmoja mpaka mwingine.

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kufagia.